Kapteni Truman: Mpiga Mzinga Aliyefika Ikulu

Wengi wetu tunalijua jina la Harry Truman kwa jambo moja tu: ndiye rais wa Marekani ambaye chini ya mamlaka yake mabomu ya atomiki yaliangushwa Japani mwaka 1945. Katika vipindi vya falsafa ya maadili jina hilo hutajwa upesi, kama mfano wa ubaoni, kisha somo linaendelea. Lakini miaka mingi kabla ya kuwa rais, mtu huyu alikuwa kapteni wa mizinga, na askari aliowaongoza walikuwa karibu wote vijana Wakatoliki. Makala hii inafuata maisha yake kutoka shambani hadi kwenye mizinga, na kutoka kwenye mizinga hadi Ikulu. Ndani ya maisha hayo kuna swali ambalo kila Mkristo mwenye mamlaka, makubwa au madogo, atakutana nalo siku moja: je, nia njema ya kuwalinda watu wangu inatosha kulifanya tendo langu kuwa jema?

Kijana wa miwani

Harry Truman alizaliwa tarehe 8 Mei 1884 katika mji mdogo wa Lamar, jimbo la Missouri, akakulia Independence, karibu na jiji la Kansas City. Familia yake ilikuwa ya wakulima, Wakristo wa Kibaptisti. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, akavalishwa miwani minene wakati ambapo watoto wenzake hawakuwa nayo. Kwa kuwa miwani ilikuwa ghali, alikatazwa michezo ya kuangushana. Akabaki na piano na vitabu, na zaidi ya vyote alipenda historia na maisha ya majemadari wa kale.

Alitamani kusoma chuo cha kijeshi cha West Point, lakini macho yakamfungia mlango. Baba yake alipopoteza mali katika biashara ya nafaka, matumaini ya chuo kikuu nayo yakaisha. Akafanya kazi benki mjini Kansas City, na mwaka 1905 akajiunga na jeshi la akiba la jimbo lake, katika kikosi cha mizinga. Inasimuliwa kwamba ili apite kipimo cha macho alizikariri herufi za ubao. Mwaka uliofuata alirudi shambani kumsaidia baba yake, akalima kwa zaidi ya miaka kumi.

Marekani ilipoingia katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Aprili 1917, Truman alikuwa na miaka 32, karibu kutimiza 33. Alikuwa amevuka umri wa kuandikishwa kwa lazima, alikuwa mkulima, na macho yake yalikuwa yale yale. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki nyumbani. Hata hivyo alirudi jeshini kwa hiari. Siku hizo askari wa jeshi la akiba walijichagulia maofisa wao, nao wakamchagua kuwa luteni. Kikosi chao kikapewa jina la Rejimenti ya 129 ya Mizinga, ndani ya Divisheni ya 35.

Kazi ya mizinga vitani

Ili tumwelewe kapteni huyu, tuelewe kwanza silaha yake. Mizinga inayozungumzwa hapa ni ile nyepesi inayokokotwa nyuma ya askari wa miguu na kuwasaidia popote wanapokwenda. Kazi yake ni kuwafungulia njia kabla hawajashambulia, kuwakinga wanaposhambuliwa, na kuinyamazisha mizinga ya adui. Askari wa miguu asiye na mizinga nyuma yake huwa kama mtu anayevuka barabara akiwa amefumba macho.

Zamani mpiga mzinga alisimama uwanjani akimwona adui aliye mbele yake. Hatari kubwa mara nyingi ilikuwa mzinga wenyewe, ambao uliweza kupasuka na kuwaua walioupiga. Ndiyo maana wapiga mizinga wa nchi za Ulaya walijiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Barbara, ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 4 Desemba, wakimwomba awaepushe na kifo cha ghafla.

Mwaka 1897 Wafaransa walitengeneza mzinga wa milimita 75 uliobadili mambo. Ulipofyatuliwa, bomba lake lilirudi nyuma peke yake na kusukumwa tena mbele kwa nguvu ya mafuta na hewa iliyobanwa, huku magurudumu yakibaki pale pale. Kwa hiyo askari hawakuhitaji kuulenga upya kila mara, na kikosi chenye mazoezi kiliweza kupiga makombora 15 au zaidi kwa dakika moja. Hata hivyo, kufikia vita ya 1914 mizinga iliyokaa wazi ilikuwa inateketezwa upesi, hivyo ilifichwa nyuma ya vilima na misitu. Wapigaji hawakumwona tena waliyempiga. Ofisa mmoja alitangulia mbele na darubini, akaangalia makombora yanaangukia wapi, akatuma vipimo vya kusahihisha kwa simu ya waya, na wale wa nyuma wakapiga kwa hesabu ya pembe na umbali.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya askari wa mizinga na askari wengine. Wengi wao wanaua bila kuona. Dhamiri ya kikosi kizima inaegemea macho ya mmoja anayetazama kwa niaba yao, na neno la mmoja anayetoa amri.

Vijana wa Betri D

Kikosi kidogo cha mizinga huitwa betri, kama kombania kwa askari wa miguu. Tarehe 11 Julai 1918, katika kambi ya Coëtquidan huko Ufaransa, Kapteni Truman alikabidhiwa Betri D: mizinga minne ya milimita 75, farasi wa kuikokota, na watu wapatao 194. Wengi walikuwa vijana wa Kansas City, Wakatoliki wenye asili ya Ireland na Ujerumani, na baadhi yao walisoma shule ya Wajesuti ya mjini kwao. Walisifika kwa nguvu, na pia kwa ukaidi. Makapteni kadhaa walikuwa wamekwisha kushindwa nao.

Sasa wakaletewa mkulima wa Kibaptisti, Mfrimasoni, mwenye miwani minene. Truman alikiri baadaye kwamba siku ile alipowakabili kwenye gwaride aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Usiku wake vijana wakamjaribu kwa fujo na ngumi kambini. Asubuhi akawavua vyeo masajenti na makoplo walioshindwa kusimamia nidhamu, akawaita waliobaki na kuwaeleza kwamba kazi ya kuelewana ni yao kwake, si yake kwao. Hakurudia. Baada ya hapo alishughulikia chakula chao na barua zao, na kwa muda mfupi betri ile ikawa miongoni mwa zilizo bora katika rejimenti.

Rafiki yake mkubwa katika siku hizo alikuwa padre. Padre Curtis Tiernan, kapelani Mkatoliki wa rejimenti, alitembea mara nyingi pamoja naye katika safari za usiku, wakizungumza historia na mambo ya dunia. Wakati ule Wabaptisti wengi wa kwao waliwaangalia Wakatoliki kwa mashaka, na Wakatoliki nao waliwaangalia Wafrimasoni kwa mashaka zaidi. Matope ya Ufaransa yaliwafundisha kuheshimiana mapema kuliko vitabu.

Vita yao ya kwanza ilikuwa aibu. Usiku wa tarehe 29 Agosti 1918, katika milima ya Vosges, Betri D ilirusha makombora ya gesi ya sumu kuelekea kwa Wajerumani. Farasi wa kuwaondoa mahali pale wakachelewa, na adui akajibu. Farasi wa kapteni akaanguka na kumlalia. Sajenti mmoja akapiga kelele kwamba kila mtu ajiokoe, na wengi wakakimbia gizani. Truman alipojinasua alibaki amesimama palepale, akawarushia matusi ya wakulima wa Missouri kwa sauti iliyowarudisha wengi mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa usiku huo isipokuwa farasi. Vijana waliendelea kutaniana kuhusu mbio zile hadi uzeeni.

Amri iliyovunjwa

Alfajiri ya tarehe 26 Septemba 1918 Wamarekani walianza shambulio kubwa la Meuse-Argonne. Betri D peke yake ilipiga takriban makombora 3,000 katika saa chache, askari wakiyapoza mabomba ya mizinga kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Kisha wakawafuata askari wa miguu katika ardhi iliyochimbuliwa yote kwa makombora.

Katika siku hizo Truman alitangulia mbele kutazama. Kwa darubini akaona kikosi cha mizinga cha Wajerumani kikijipanga ng'ambo ya mto, mahali ambapo kingewapiga kwa ubavu askari wa Divisheni ya 28 waliokuwa jirani. Amri aliyopewa ilikuwa wazi: apige tu katika eneo la divisheni yake. Eneo lile halikuwa lake, na wale waliokuwa hatarini hawakuwa watu wake. Akasubiri hadi Wajerumani wakawaondoa farasi wao, ili mizinga yao isiweze kuhamishwa, kisha akaamuru betri ipige. Kikosi kile cha adui kikateketezwa, na watu wengi wa Divisheni ya 28 wakaokoka. Kanali wake alikasirika, akatishia kumpeleka mahakama ya kijeshi, lakini shauri hilo halikufunguliwa kamwe.

Tuliangalie tendo hili kwa utulivu, maana tutalirudia. Kapteni alikuwa na nia ya kuokoa maisha. Alivunja amri, na alijua kwamba angeweza kuadhibiwa. Lakini aliyempiga ni nani? Ni askari wenye silaha, walioonekana kwa macho, waliokuwa wakijiandaa kuua.

Tarehe 11 Novemba 1918 Betri D ilipiga kombora lake la mwisho dakika 15 hivi kabla ya saa tano asubuhi, saa ya kusitisha vita. Karibu vijana wote walirudi nyumbani wakiwa hai. Wakachanga fedha na kumpa kapteni wao kikombe kikubwa cha fedha kilichochorwa maneno ya shukrani.

Kutoka dukani hadi Ikulu

Mwaka 1919 Truman alimwoa Bess Wallace, aliyempenda tangu utotoni. Akafungua duka la nguo za kiume pamoja na Edward Jacobson, Myahudi waliyeendesha naye kantini ya jeshi. Duka lilifilisika mwaka 1922, naye akaendelea kulipa madeni kwa miaka mingi. Mwaka huo huo aliingia siasa za wilaya, akisaidiwa na familia ya Pendergast, Wakatoliki wenye nguvu katika siasa za Kansas City, ambao kijana wao mmoja alikuwa naye vitani. Mwaka 1934 alichaguliwa kuwa seneta. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alijipatia sifa kwa kuongoza kamati iliyofichua ubadhirifu katika zabuni za jeshi.

Januari 1945 akawa makamu wa Rais Franklin Roosevelt. Tarehe 12 Aprili Roosevelt akafariki, na mpiga mzinga wa Missouri, asiye na shahada ya chuo kikuu, akaapishwa kuwa rais. Mpaka siku ile alikuwa hajaelezwa kwamba nchi yake inatengeneza bomu la atomiki. Maelezo kamili alipewa tarehe 25 Aprili.

Bomu la kwanza lilijaribiwa jangwani New Mexico tarehe 16 Julai, Truman akiwa Potsdam, Ujerumani, katika mkutano wa washindi wa vita. Katika shajara yake ya siku hizo aliandika kwamba silaha hiyo itumike dhidi ya shabaha za kijeshi na askari, wala si wanawake na watoto. Siku hiyo hiyo, tarehe 25 Julai, jeshi la anga lilipewa amri ya maandishi: bomu la kwanza liangushwe mara hali ya hewa itakaporuhusu kuanzia tarehe 3 Agosti hivi, na mengine yafuate kadiri yatakavyokuwa tayari. Zilizotajwa kuwa shabaha zilikuwa miji.

Tarehe 6 Agosti bomu likaanguka Hiroshima. Makao ya jeshi yalikuwepo, lakini shabaha yenyewe ilikuwa daraja katikati ya jiji. Tarehe 9 Agosti ndege ya pili ililenga mji wa Kokura, ikauona umefunikwa na wingu na moshi, ikaenda Nagasaki. Kwa bomu hili la pili rais hakutoa amri mpya. Ile ya kwanza ilikuwa inaendelea kufanya kazi.

Urakami

Hapa Wakatoliki tunapaswa kusimama kidogo. Bomu la Nagasaki lililipuka juu ya bonde la Urakami, umbali wa mita 500 hivi kutoka kanisa kuu la Wakatoliki. Waamini wa Urakami walikuwa wazao wa Wakristo waliojificha kwa zaidi ya miaka 200 bila mapadre, wakirithishana ubatizo na sala nyumbani, hadi walipojitambulisha kwa padre Mfaransa mwaka 1865. Walipokwisha kutoka uhamishoni walikopelekwa kwa ajili ya imani, walijenga kanisa lao la matofali kwa miaka mingi na kulikamilisha mwaka 1914.

Asubuhi ile mapadre wawili walikuwa kanisani wakiungamisha waamini waliojiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wote waliokuwa ndani walikufa. Kati ya waamini wapatao 12,000 wa parokia hiyo, takriban 8,500 walipoteza maisha. Katika miji yote miwili, hata kwa hesabu za chini, waliokufa walizidi 100,000.

Tarehe 10 Agosti Truman aliagiza bomu jingine lisitumike bila idhini yake mwenyewe. Aliwaambia mawaziri wake kwamba wazo la kuua watu wengine 100,000, na watoto wale wote, lilimtisha. Siku chache baadaye Japani ikakubali kushindwa.

Nia, tendo na mazingira

Truman hakuwahi kujutia uamuzi huo hadharani. Sababu yake ilikuwa ile ya kapteni: kuokoa vijana wake. Vita ya kisiwa cha Okinawa ilikuwa imeua Wamarekani zaidi ya 12,000, na kuivamia Japani kwenyewe, kulikopangwa kuanza Novemba 1945, kungeua wengi zaidi, Wajapani pia. Tusiipuuze sababu hiyo. Aliyewahi kuhesabu watu wake baada ya usiku wa makombora anajua uzito wake.

Mwaka 1956 Chuo Kikuu cha Oxford kiliamua kumpa shahada ya heshima. Mwanafalsafa Mkatoliki Elizabeth Anscombe, aliyekuwa akifundisha hapo, alisimama kupinga. Walimuunga mkono wachache sana, na shahada ikatolewa. Lakini hoja yake imebaki. Alisema kwamba kuchagua kuwaua wasio na hatia ili upate unachokitaka, hata kama unachokitaka ni chema, ni mauaji. Akaongeza kwamba hesabu ile ya vifo ilijengwa juu ya sharti kwamba Japani isalimu amri bila masharti yoyote. Aliyeweka sharti hilo hawezi kudai kwamba hakuwa na njia nyingine.

Mafundisho ya Kanisa yanatusaidia kupanga mawazo yetu. Wema wa tendo unapimwa kwa mambo matatu: kitu chenyewe kinachotendwa, nia, na mazingira. Mweke kapteni wa 1918 kando ya rais wa 1945. Nia ni ile ile, kuokoa maisha. Mazingira yote mawili ni ya vita kali. Kilichobadilika ni kitu chenyewe. Kule Argonne alipiga mizinga iliyokuwa inajiandaa kuua. Huku, mji wenyewe ulifanywa shabaha, na vifo vya raia vilikuwa sehemu ya njia ya kuilazimisha serikali yao. Hatuwezi kusema vilitokea pembeni, bila kukusudiwa, kama katika mfano wa Mtakatifu Thoma wa Akwino wa mtu anayejilinda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Furaha na Matumaini, ulitamka kwamba tendo la kivita linalolenga kuteketeza miji mizima pamoja na wakazi wake ni kosa dhidi ya Mungu na dhidi ya mwanadamu.

Umbali si dhambi kwa wenyewe. Wapiga mizinga wa Betri D nao hawakuwaona waliowapiga. Lakini umbali unarahisisha kujidanganya: mtu anaweza kuandika usiku kwamba anapiga askari, na amri ikaenda na majina ya miji. Kapteni alitangulia mbele akatazama kwa darubini kabla ya kusema neno. Rais alikuwa mbali, na ripoti zilizomfikia zilikuwa zimepita mikononi mwa wengi.

Januari 1949, alipoapishwa baada ya kushinda uchaguzi, wazee wa Betri D waliandamana kando ya gari lake katika barabara za Washington. Wale vijana wakaidi wa Kansas City waliendelea kumpenda kapteni wao, na walikuwa na sababu. Harry Truman alifariki tarehe 26 Desemba 1972 akiwa na miaka 88, akazikwa Independence.

Hukumu ya roho yake ni ya Mungu, nasi tumwombee kama tunavyowaombea marehemu wote, pamoja na wale waliokuwa katika foleni ya maungamo kule Urakami. Kazi yetu ni kupima matendo, tukianza na yetu. Mwenyekiti wa jumuiya, mkuu wa shule, mzazi, padre na askofu, kila mmoja ana watu wake anaotaka kuwalinda. Kabla ya kutoa amri, aulize pia ni nani itakayemwangukia.